Usikwangue rangi ya gari la zamani kabla ya kutafuta mistari yake

FUNDI wa rangi mwenye karatasi ya msasa na ndoo ya maji hahitaji siku nyingi kukwangua ubavu wa gari la zamani hadi chuma kianze kung'aa. Katika kazi ya asubuhi moja anaweza kuondoa kitu ambacho hata mwenye gari hakujua kwamba anacho: mstari mwembamba wa rangi uliochorwa kwa mkono kiwandani karibu miaka 100 iliyopita.

Gari hilo litapakwa rangi mpya na litawaka juani. Lakini mnunuzi anayeyajua magari ya kale, au jaji wa mashindano, atainama ubavuni mwake na kutikisa kichwa. Ama mstari haupo, ama umewekwa mahali pasipo pake, ama ni wa rangi ambayo kiwanda hakikuitumia hata siku moja.

Kwa mwenye gari, huo ni mwanzo wa hasara. Gari la kale huuzwa kwa mambo mawili: hali yake na uhalisi wake. Hali mbaya inaweza kurekebishwa kwa fedha. Uhalisi ukishakwanguliwa na kuwa vumbi sakafuni haurudi, na kinachobaki ni kukisia.

Wenye magari haya si matajiri wa mijini pekee. Magari mengi ya aina hii yamekutwa kwenye maghala na mabanda ya mashambani, yakiwa yamefunikwa kwa magunia na vumbi baada ya mzee aliyeyanunua kuaga dunia. Warithi huona chuma chakavu, au huona faida ya haraka na kukimbilia kwa fundi ili gari lipakwe rangi kabla ya kuuzwa. Hapo ndipo wengi huharibu mali yao kwa gharama yao wenyewe.

Mistari inayozungumziwa hapa ni ile ya pambo inayopita ubavuni mwa gari chini ya madirisha, kuanzia kwenye boneti hadi nyuma, na wakati mwingine kwenye magurudumu. Haikubandikwa. Ilichorwa kwa brashi ya nywele ndefu, na mtu aliyesimama kando ya gari akilivuta brashi hilo bila kutetemeka.

Ilitoka kwenye magari ya farasi

Kabla ya injini, karakana za Ulaya na Marekani zilizotengeneza magari ya kukokotwa na farasi zilikuwa na fundi wa mistari. Kazi yake ilikuja mwishoni, baada ya rangi kupakwa tabaka juu ya tabaka na kusuguliwa. Mstari ulifuata kingo za mbao na vyuma, ukaufanya mwili mzito wa gari uonekane mwepesi na mrefu.

Mikokoteni na mashine za shambani hazikuachwa nyuma. Kampuni ya Studebaker, iliyoanza mwaka 1852 huko South Bend katika jimbo la Indiana, ilijenga jina lake kwa mikokoteni kabla ya kuingia katika biashara ya magari. Nchini Uingereza, injini za mvuke zilizoendesha mashine za kupuria ngano nazo zilipigwa mistari kwenye magurudumu na matangi ya maji. Mkulima aliyetoa fedha zake alitaka chombo chake kionekane kimekamilika.

Viwanda vya magari vilipoanza, viliurithi ufundi huo. Magari ya mwanzo ya Ford Model T, ambayo yalianza kutengenezwa mwaka 1908, yalichorwa mistari. Lakini kasi ya kiwanda ilipozidi kupanda, mistari ikaondolewa, na kuanzia 1914 hadi 1925 gari hilo lilitoka kwa rangi nyeusi pekee.

Mambo yalibadilika mwaka 1923 kampuni ya DuPont ilipoleta rangi ya laka iliyoitwa Duco. Rangi za awali zilichukua siku nyingi, hata majuma, kukauka kabla gari halijatoka kiwandani. Laka hiyo ilikauka kwa saa chache na ilipatikana kwa rangi nyingi. Viwanda vikaanza tena kushindana kwa urembo, na brashi ya mistari ikarudi kazini.

Mfano wa Ford Model A

Gari linaloonyesha vizuri suala hili ni Ford Model A, lililozinduliwa Desemba 1927 kuchukua nafasi ya Model T. Lilikuwa na injini ya silinda 4 yenye nguvu za farasi 40, na lile la wazi la viti viwili liliuzwa kwa dola 385. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930, utengenezaji wake uliposimamishwa, karibu magari milioni 5 yalikuwa yametoka.

Halikuwa gari la mabwanyenye. Lilinunuliwa na walimu, wachuuzi na wakulima. Hata hivyo, lilitoka kiwandani likiwa na mistari ya pambo kwenye ukanda wa bodi, na kila rangi ya bodi ilikuwa na rangi yake ya mstari. Miongoni mwa rangi za mistari zilikuwa French Gray, ambayo ni kijivu hafifu; Tacoma Cream, inayofanana na krimu ya maziwa; Apple Green, ambayo ni kijani cha tofaa; na Vermilion, nyekundu inayoelekea chungwa.

Leo hii vyama viwili vya wenye magari hayo nchini Marekani, Model A Restorers Club na Model A Ford Club of America, vina mwongozo wa pamoja wa kukarabati na kutoa alama katika mashindano. Mwongozo huo hueleza rangi za bodi na za mistari kulingana na aina ya gari na kipindi lilipotengenezwa. Mwenye gari la 1928 hawezi kuchagua mstari wa 1931 kwa sababu tu unampendeza, kisha atarajie alama zote.

Jambo lingine ni kwamba bodi za Model A hazikutoka sehemu moja. Nyingine zilitengenezwa na Ford yenyewe, nyingine na kampuni za Briggs na Murray. Kwa hivyo hatua ya kwanza si kununua rangi, bali kujua bodi ni ya aina gani, ya nani na ya lini. Kituo cha utafiti cha jumba la makumbusho la The Henry Ford, mjini Dearborn, kimehifadhi picha na nyaraka za kampuni hiyo, na wakarabati wengi huanzia katika kumbukumbu kama hizo.

Jinsi ya kutafuta mstari uliofifia

Mara nyingi mwenye gari husema gari lake halikuwa na mistari, kumbe ilikuwepo. Mstari uliochorwa juu ya laka hukaa juu kabisa, bila kitu cha kuulinda. Kila mara gari linapong'arishwa kwa nta na dawa ya kusugua, mstari huliwa kidogo. Baada ya miaka 20 au 30 ya kung'arishwa kila Jumapili, hutoweka sehemu za wazi na kubaki sehemu zilizofichika.

Sehemu hizo ndizo za kuanzia. Fundi makini hufungua kitako cha mpini wa mlango, huondoa gurudumu la akiba, huchungulia chini ya vishikizo vya taa na hutazama ukingo wa mlango pale unapokutana na nguzo. Nta na msasa havikufika huko. Kipande cha mstari chenye urefu wa kidole kimoja kinatosha kueleza rangi yake na upana wake.

Njia ya pili ni mwanga. Gari huingizwa ndani ya banda lenye giza, kisha tochi hulazwa karibu na bodi ili mwanga upite ubavuni badala ya kupiga moja kwa moja. Palipokuwa na mstari huonekana mwinuko mdogo, au rangi ya chini yake huonekana nzito kidogo kwa kuwa jua halikuipata kama sehemu nyingine. Mkarabati huuita kivuli cha mstari.

Njia ya tatu hutumika gari likiwa limepakwa rangi nyingine juu ya ile ya kiwanda. Hapa fundi huchagua mahali padogo, pa ukubwa wa sarafu, na kusugua kwa msasa laini sana wenye maji, akizungusha mkono polepole. Tabaka hufunguka moja baada ya jingine kama duara za kisiki cha mti: rangi ya juu, ya kati, ya kiwanda, ya msingi, kisha chuma. Mstari, kama upo, huchomoza kati ya rangi ya kiwanda na ile iliyopakwa baadaye.

Kila kinachopatikana hupigwa picha kikiwa na rula kando yake, hupimwa kutoka ukingo wa karibu, na hunakiliwa juu ya karatasi inayoonyesha. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha. Kosa la wengi ni kupiga picha bila rula. Baadaye picha huonyesha rangi lakini haisemi mstari ulikuwa na upana gani wala ulikuwa umbali gani kutoka ukingoni.

Tahadhari moja ni muhimu hapa. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kazi ifanywe kwa msasa wa maji, fundi akiwa amefunika pua na mdomo kwa barakoa inayozuia vumbi laini. Gari lisikwanguliwe karibu na banda la kuku, zizi, au mahali panapohifadhiwa chakula cha mifugo, na maji machafu yasimwagwe bustanini.

Kuhifadhi au kuchora upya?

Mstari ukipatikana, swali la pili ni kama uchorwe upya au uachwe ulivyo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina kanuni zinazojulikana kama Mkataba wa Torino, ambazo zilikubaliwa na mkutano wake mkuu mwaka 2012. Msimamo wa mkataba huo ni kwamba kilicho cha asili kihifadhiwe kadiri inavyowezekana, na kinachobadilishwa kiandikwe ili atakayefuata ajue.

Kwa mwenye gari, maana yake ni rahisi. Kama rangi ya kiwanda ingali imeshika na mistari inaonekana, hata ikiwa imekatikakatika, lisipakwe upya. Gari lisafishwe, litunzwe, na likiuzwa liuzwe kama lilivyo. Wapo wanunuzi wanaotafuta magari ya namna hiyo mahsusi, kwa sababu yaliyopakwa upya ni mengi na ambayo hayajaguswa hupungua kila mwaka.

Kama rangi imeliwa na kutu au imekwisha kukwanguliwa na mtu mwingine, hapo kuchora upya ni halali, mradi kufuate ushahidi. Sehemu moja yenye mstari wa asili inaweza kuachwa ilivyo, kwa mfano nyuma ya gurudumu la akiba, ili iwe shahidi.

Brashi ya nywele za kindi

Vifaa vya kazi hii ni vichache kuliko vya kazi nyingine yoyote ya gereji. Cha kwanza ni brashi. Ile inayopendwa na wachoraji wa mistari hutengenezwa kwa nywele za kindi, ambazo ni laini na hubeba rangi nyingi. Nyingine ina umbo la upanga: nywele ni ndefu upande mmoja na fupi upande wa pili, na mpini ni mfupi mno. Urefu wa nywele hizo ndio unaonyoosha mstari. Mkono ukitetemeka kidogo, nywele ndefu hulala juu ya chuma na kuumeza mtetemo huo kabla haujafika kwenye ncha.

Cha pili ni rangi. Wachoraji wengi hutumia rangi ya mafuta ya wachora mabango, iliyo nzito na yenye kufunika kwa mpito mmoja. Hapa kuna sababu ya kikemia pia. Laka iliyokauka haiyeyushwi na tapentaini ya madini, lakini rangi ya mafuta iliyo mbichi huyeyushwa. Kwa hivyo mchoraji akikosea hupitisha kitambaa chenye tapentaini hiyo kidogo, akafuta mstari wote na kuanza upya, na rangi ya gari isidhurike. Akitumia kimiminika cha kuyeyushia laka, atachimba shimo hadi kwenye rangi ya msingi.

Kipo pia kifaa chenye kigurudumu kidogo na kichupa cha rangi, kilichoingia sokoni Marekani katika miaka ya 1930 kwa jina la Beugler. Kigurudumu huviringika juu ya bodi na kuacha mstari wenye upana mmoja. Kinamsaidia asiye na uzoefu, ila kwenye kona kali na kingo zilizopinda brashi bado ndiyo yenye kauli.

Namna mstari unavyovutwa

Kazi huanza kwa usafi. Bodi huoshwa kwa sabuni na maji, kisha hufutwa kwa dawa ya kuondoa nta na mafuta. Alama ya kidole yenye jasho inatosha kuifanya rangi ijikunje.

Baada ya hapo hupimwa njia. Mchoraji huweka alama ndogo kwa penseli ya chaki, au hubandika utepe wa karatasi sambamba na mahali mstari utakapopita. Utepe huo si wa kuzuia rangi. Ni wa kuongoza jicho, na brashi haiugusi.

Rangi humiminwa kidogo juu ya karatasi ngumu inayoteleza. Brashi huchovywa na kupitishwa juu ya karatasi hiyo huku na huku, hadi nywele zote zishike rangi sawasawa na ziungane kama ulimi mmoja. Hatua hii ndiyo wanafunzi huiruka, na ndiyo huamua kama mstari utatoka safi au utakatika. Rangi nzito hukwama. Rangi nyepesi mno hutiririka.

Kisha mchoraji hukaza kidole cha mwisho kwenye ukingo wa bodi, hulaza brashi na kuivuta kuelekea upande wake. Hachori kwa vidole bali husogea kwa mwili mzima, hatua baada ya hatua. Akikandamiza zaidi, mstari hupanuka. Akiinua, huwa mwembamba. Jicho haliko kwenye brashi bali liko mbele, pale brashi inapoelekea, kama vile mtu anayelima kwa plau anavyotazama mwisho wa shamba na si kwato za ng'ombe.

Rangi ikiisha, brashi hujazwa upya na kurudishwa nyuma kidogo juu ya mstari ulioanza kufifia, ili kiungo kisionekane. Kila mlango huangaliwa ukiwa umefungwa, kwa sababu mistari ya milango na ya bodi lazima ikutane.

Mstari ukikamilika huachwa ukauke hadi kesho yake bila kuguswa, na nta haipakwi kwa majuma kadhaa. Brashi huoshwa na kupakwa mafuta yasiyokauka, nywele zikanyooshwa kwa vidole, na kulazwa mahali tambarare. Brashi iliyotunzwa hivyo hudumu miaka mingi. Iliyoachwa ndani ya kopo usiku mmoja haifai tena.

Makosa yanayopunguza thamani

Kosa la kwanza ni stika. Mistari ya kubandika huuzwa kwa bei nafuu na hukamilika kwa nusu saa. Lakini ina unene uleule mwanzo hadi mwisho, ncha zake hukatwa kwa wembe, na baada ya muda jua huzikunja. Katika gari la 1929 huonekana kama kiraka cha plastiki kwenye kanzu ya hariri.

La pili ni kuziba kwa utepe na kupulizia rangi. Mstari hutoka umenyooka, ila kingo zake huacha ngazi ndogo ambayo ukucha huihisi pande zote mbili. Mstari wa brashi huwa na mgongo laini na kupumua kidogo, yaani upana wake hubadilika kwa kiasi ambacho jicho halikioni bali hukihisi.

La tatu ni kufunika mistari kwa tabaka la rangi isiyo na rangi, linalotumiwa kwenye magari ya kisasa. Kwenye magari ya enzi ya laka, kiwanda hakikufanya hivyo. Tabaka hilo huilinda mistari, ni kweli, lakini huondoa ule uhalisi ambao mwenye gari amelipia.

La nne ni kuzidisha. Wakarabati wengine huongeza mistari kwenye boneti, madigadi na magurudumu ambako hapakuwa na kitu. Gari hupata sifa barabarani na kupoteza alama mbele ya majaji.

Riziki ndani ya ncha ya brashi

Ufundi huu haujafa hata kwenye viwanda vya leo. Rolls-Royce ilipofungua kiwanda chake cha Goodwood, kusini mwa Uingereza, mwaka 2003, ilimchukua Mark Court kuchora mistari ya ubavuni. Hakutoka katika chuo cha uhandisi. Alikuwa mchoraji wa mabango, zikiwemo zile bao zinazoning'inizwa nje ya mabaa ya vijijini. Mistari hiyo huvutwa kwa brashi ya nywele za kindi, na gari moja linaweza kumchukua mchoraji takribani saa 3. Kwa magari ambayo bei yake hufika mamia ya maelfu ya dola, kampuni hiyo iliona mkono wa mtu ni sehemu ya bidhaa.

Hapa Afrika Mashariki, mashindano ya magari ya kale ya Concours d'Elegance yalianza jijini Nairobi mwaka 1970, yakiandaliwa na Alfa Romeo Owners Club, na yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji hukagua rangi, injini, viti na hata upande wa chini wa gari. Wenye magari hutumia miezi mingi kujiandaa, na wanapohitaji kazi ya mikono hutafuta fundi wa kumwamini.

Mikono yenyewe haijakosekana. Kanuni za matatu zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, kila matatu ilitakiwa kuwa na ukanda wa manjano wenye upana wa milimita 150. Kazi hiyo iliangukia mafundi wa rangi. Mwishoni mwa 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipowatetea vijana wanaochora matatu, wasanii wa michoro nao wakapata nafasi ya kurudi kazini. Fundi aliyepiga ukanda wa milimita 150 kwa utepe na bomba la kupulizia bado hajawa mchoraji wa mstari wa milimita 3, lakini jicho la kunyoosha analo tayari.

Anayetaka kujifunza hahitaji gari. Kipande cha kioo cha dirisha kinatosha. Huchorwa mistari, hufutwa kwa tapentaini na kuchorwa tena, kila siku, hadi mkono uzoee. Baada ya kioo hufuata boneti kuukuu kutoka kwa wauza vipuri, kwa kuwa chuma kilichopinda kina mafunzo yake. Magari ya kale ni machache, kwa hivyo fundi hawezi kuyategemea pekee. Brashi hiyohiyo huandika mabango ya maduka, hupamba pikipiki na kuchora majina ya wenye malori.

Kabla gari halijaingia gereji

Kwa mkulima au mfanyabiashara mwenye gari la zamani bandani, hatua za kuchukua si nyingi. Lioshwe kwa maji na sabuni pekee, bila dawa ya kusugua. Lipigwe picha kila upande, na rula ikionekana. Namba za injini na bodi ziandikwe. Picha za zamani za familia zitafutwe. Mara nyingi yupo babu aliyesimama kando ya gari siku ya harusi, na mstari unaonekana nyuma ya koti lake.

Makubaliano na fundi yawe ya maandishi, na yaseme wazi ni sehemu zipi zisiguswe kabla ya mwenye gari kuziona. Malipo yagawanywe kwa hatua: uchunguzi kwanza, kisha rangi, kisha mistari. Fundi anayekataa kuanza kwa uchunguzi kwa madai kuwa anapoteza wakati atafutiwe gari la kawaida la kupaka.

Na anayekuja na fedha mkononi akitaka kulichukua gari "hivyohivyo lilivyo" asidharauliwe wala asikubaliwe upesi. Huenda ameona kwenye ukingo wa mlango kile ambacho mwenyewe hajakiona. Wahenga walionya usiache mbachao kwa msala upitao, na kabla ya kuuza au kukwangua, jioni moja ya kukaa na tochi kando ya gari haigharimu kitu.